Ubao wa gololi na maji ya Usangu

Ubao ninaotaka kuuelezea ni wa mchezo wa kugawana maji ya mto, na ulichongwa na fundi seremala wa Igurusi kwa mbao za mlingoti, yaani mkaratusi. Una urefu wa mita moja na nusu, na unapotumika huinuliwa upande mmoja kwa matofali mawili ili upate mteremko. Katikati yake fundi alichimba mfereji usio na kina kirefu, ambao ndio mto, na kando ya mfereji huo akatoboa vishimo vya duara kwa makundi, ambavyo ndivyo mashamba. Maji ni gololi, zile za kuchezea watoto, nilizozinunua soko la Mwanjelwa kwa fedha yangu mwenyewe baada ya mhasibu mmoja kukataa katakata kupitisha hati ya malipo iliyoandikwa "gololi mia mbili".

Wazo si langu. Mchezo wa aina hiyo ulibuniwa na Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji wa Chuo Kikuu cha East Anglia nchini Uingereza, na ulichezwa na wakulima wa Usangu, uwanda wa mpunga mkoani Mbeya, miaka ya mwanzo ya 2000, wakati wa mradi wa utafiti wa RIPARWIN ambao chuo hicho kiliuendesha pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji. Kanuni zake zinaeleweka kwa dakika tano: gololi humiminwa juu, zikateremka, na kila mchezaji ana vijiti vya kuweka mtoni kama banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji, ili azielekeze kwenye vishimo vyake. Aliye juu hushiba, na aliye chini hukodolea macho vishimo vitupu. Mimi niliusikia mchezo huo kwa wenzangu waliokuwapo, nikakaa nao moyoni miaka mingi, kisha nikaagiza wangu.

Sababu ya kuutaka ni uchovu. Katika miaka yangu ya kazi ya ubibi shamba wilayani Mbarali nimehudhuria mikutano mingi iliyoitwa shirikishi, na sura yake naijua hata nikiwa nimefumba macho: bango kitita mbele, kalamu za rangi, wakulima wamegawanywa makundi ya watu kumi kumi, soda saa nne, na mwishoni foleni ya kusaini posho. Wageni huuliza, wenyeji hujibu, mtu huandika, na kilichoandikwa huondoka na gari. Miezi mingi baadaye ripoti hutoka kwa Kiingereza, na nakala moja, ikibahatika, hufika kwenye kabati ambalo mimi mwenyewe nilikuwa na ufunguo wake, na sikumbuki hata mkulima mmoja aliyekuja kuiazima. Sidharau kazi hiyo, kwani bila hojaji tusingejua mengi. Lakini haistahili kuitwa kuzalisha maarifa kwa pamoja, yaani mtaalamu na mwenyeji kutafuta jibu wakiwa bega kwa bega, kwa sababu swali lilifika kijijini likiwa limeshatungwa, na anayejibu swali lililotungwa na mwingine huwa ametoa malighafi tu, kama anayeuza mpunga shambani bila kujua utakobolewa wapi.

Swali la Usangu lilitungwa mapema. Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji ya safu za Poroto na Kipengere, ambako mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, ukayashusha katika uwanda wa Usangu unaopata milimita 600 hadi 800, ukapita kinamasi cha Ihefu, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hatimaye ukafika Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na Rufiji. Tangu mwaka 1993 hivi sehemu iliyo ndani ya hifadhi ilianza kukauka kabisa kila kiangazi, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi ya tope. Katika muongo huohuo bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, na Kidatu, lenye megawati 204, yalipungukiwa maji, na nchi ikaujua mgao wa umeme. Basi swali likawa: nani ameuua mto? Kila aliyeulizwa alimnyooshea kidole jirani yake. Wakulima waliwataja wafugaji, wafugaji wakawataja wakulima, watu wa uwandani wakawataja wakata miti wa milimani, na wa mijini wakamtaja yeyote aliyekuwa karibu na maji.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza, ulipima mvua, mito, mabwawa ya asili na mashamba. Ulihitimisha kwamba sababu kuu ni maji yanayochepushwa kuingia mifereji ya umwagiliaji wakati wa kiangazi, na kwamba vipimo vya mahali mito inapotoka milimani havikuonyesha upungufu wa kiasi cha kueleza ukavu ule. Ukaeleza pia namna Ihefu inavyofanya kazi. Ihefu ni kama karai: maji yanayoingia hutandaa, jua huyanywa, na yanayobaki hutoka pale tu kina kinapopita ukingo wa mwamba ulioko Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya ukingo huo, hata kama karai lina maji mengi, tone halitoki, na hifadhi huko chini hupata mchanga.

Mzee mmoja aliyevua kambale Ihefu ujanani mwake alikuwa amekwisha kunieleza jambo hilohilo, tena kwa maneno machache zaidi. Nilimwamkia kwa "kamwene" ya kwetu Iringa, akacheka, kisha akasema, "Mwanangu, kule kuna jiwe. Jiwe likitoa kichwa, sisi tulijua wa chini hawana mto tena, tukakunja nyavu." Niliandika kwenye daftari langu chini ya kichwa "imani za wenyeji". Kila nikilikumbuka neno hilo "imani" naona haya, maana yule mzee alikuwa ananipa kipimo, na kama ningemuuliza jiwe lilianza kutoa kichwa mwezi gani, na kama mwezi huo umesogea tangu ujana wake, tungekuwa na kumbukumbu ambayo hakuna kituo cha kupimia maji kilichokuwa nayo.

Kuna somo jingine nililolipata kwa kuchelewa, nalo ni la mabanio. Banio la asili la Usangu hujengwa kwa magogo, mawe, majani na udongo. Mafuriko hulibeba karibu kila mwaka, wanaume wakalijenga upya kwa siku kadhaa, na hata likiwa jipya huvuja. Miradi ya kuboresha umwagiliaji ilikuja na banio la zege lenye lango la chuma. Hakuna aliyelazimishwa, wakulima walilitaka kwa moyo wote, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi siku moja ya uzinduzi. Kwa hesabu ya mhandisi, kuvuja ni hasara na lango ni ufanisi. Ila kilomita sita chini kuna mama anayelima majaruba mawili, na kwake kule kuvuja ndiko kulikokuwa mto. Mto unapopungua mwezi wa Septemba au Oktoba, banio la magogo haliwezi kuuchukua wote, liwe limejengwa na mchoyo wa namna gani. La zege linaweza, tena bila jasho. Tulikuwa tumeongeza ufanisi wa mfereji mmoja na kuuondoa mgawo ambao udhaifu wa magogo ulikuwa ukiutoa kimyakimya.

Wanaofuatilia mambo haya watamkumbuka Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Yeye na wenzake walichunguza skimu za umwagiliaji nchini Nepal, wakaona kwamba zile zilizojengwa na kusimamiwa na wakulima wenyewe kwa vifaa hafifu mara nyingi ziliwafikishia maji watu wa mwisho wa mfereji vizuri kuliko zilizojengwa na serikali kwa zege. Maelezo yake ni ya kibinadamu kabisa: banio likibomoka kila mwaka, mkulima wa juu anahitaji mikono ya mkulima wa chini ili kulijenga upya, na mtu mwenye kuhitajiwa hawezi kunyimwa maji. Zege humwondolea wa juu haja ya kuwa na jirani. Wazee wa Usangu wangeweza kutuambia hivyo kabla ya zege la kwanza kumwagwa, lakini tuliwauliza tu wanataka lango la upana gani.

Vibali vya maji navyo vina kisa chake. Kibali humpa mwenye mfereji kiasi fulani cha lita kwa sekunde, naye hulipa ada ya mwaka. Kwenye karatasi ni utaratibu wa kuaminika, lakini mtoni kuna miezi ambayo jumla ya lita zilizoidhinishwa huzidi lita zilizopo, na hapo kibali hugeuka kuwa hoja ya ugomvi: "Nimelipia maji yangu." Kabla ya hapo watu walizungumza kwa zamu, yaani kwa muda, na muda hugawanyika hata mto ukiwa mdogo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliipa nafasi jumuiya ya watumia maji, na hilo ni jambo jema, ingawa kuandikishwa kwa jumuiya hakufanyi watu wa banio la juu na la chini wawe wameketi meza moja.

Nikawaketisha kwenye ubao. Tulikutana katika darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi, watu ishirini na saba: viongozi wa mifereji mitatu ya juu na minne ya chini, kina mama saba, wafugaji watatu wa Kisukuma, yule mzee wa kambale, na kijana wa takwimu za maji aliyetoka Iringa na kompyuta yake. Mzunguko wa kwanza, gololi zote zikiwa zimemiminwa, ulikuwa wa kicheko. Mzunguko wa pili nilimimina sitini tu, nikasema huu ni mwezi wa kumi. Mwenyekiti wa mfereji wa juu kabisa aliweka vijiti vyake vyote kwa mpigo mmoja, akazinasa hamsini na kitu, na kwa kuwa vishimo vyake vilikuwa thelathini, gololi za ziada zikaanza kuviringika sakafuni. Wa chini hawakusema neno. Kisha tukabadilisha nafasi, mwenyekiti akaenda chini, na mama mmoja wa mfereji wa mwisho akapewa vijiti vya juu. Alifanya yaleyale. "Kumbe utamu wenyewe ndio huu," akasema, na darasa zima likaangua kicheko, mwenyekiti naye akiwamo.

Hadi hapo mchezo ulikuwa unafanya kazi kama ulivyobuniwa, na kama ungeishia hapo ningeandika kwamba wakulima wameelimishwa. Lakini mfugaji mmoja aliinuka, akauzunguka ubao mara mbili akiwa ameshika fimbo yake nyuma ya mgongo, akauliza kwa upole, "Samahani mama, ng'ombe wako wapi humu?" Sikuwa nimewaweka. Katika ubao wangu mto ulikuwa na mashamba peke yake, na mtu mwenye mifugo alikuwa ameitwa kutazama wengine wakicheza. Kina mama nao wakashika palepale: ndoo ziko wapi?

Swali la ndoo ndilo lililogeuza siku. Kwa miaka mingi sisi wataalamu tuliwalaumu watu wa juu kwa kuacha mabanio wazi Agosti na Septemba, wakati hakuna mpunga shambani, na tuliuita uzembe. Kina mama walieleza, kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mtoto, kwamba mfereji ule ndio bomba lao. Kijiji kimejengwa kando yake. Humo wanachota maji ya kupikia, wanafua, wananywesha mbuzi, wanapata maji ya kufyatulia tofali. Ukilifunga banio umefunga jikoni. Kijana wa takwimu alisimama, akaacha kompyuta yake, akaomba aelezwe mfereji una urefu gani kutoka banio hadi nyumba ya kwanza. Kilomita nne, za udongo mtupu. Akapiga hesabu kwa chaki ubaoni mbele ya wote, akionyesha kwamba ili ndoo chache zifike kijijini ni lazima kilomita zote nne zilowe usiku na mchana, na kwamba sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na ardhi na jua kabla ya kumfikia mwenye ndoo. Mkutano ulikuwa umeitishwa kujadili kufuli za malango. Saa nane mchana ulikuwa unajadili kisima cha pampu, nani atakichimba, na nani atalipa umeme wake. Watafiti wa miaka ya 2000 waliyaandika matumizi haya ya nyumbani katika ripoti zao, na mimi nilikuwa nimeyasoma. Kuyasoma hakukunifanya nitoboe kishimo cha ndoo.

Nisije nikaeleweka kwamba mwenyeji daima anajua na mtaalamu daima amepotea, maana huo ni uvivu mwingine unaopendwa sana siku hizi. Darasani humo wengi walishikilia kwamba mto umekauka kwa sababu mvua za milimani zimekwisha, na kwamba hakuna la kufanya ila kuomba Mungu. Kijana yule aliwaonyesha vipimo vya mto Kimani na Mbarali mahali inapotoka milimani, akawaonyesha maji yanayoingia uwandani, na akawauliza kwa heshima yanaishia wapi. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mtu anayesema "ni mvua" hana deni kwa jirani yake. Ukimwondolea mvua, deni linaonekana. Takwimu ilifanya kazi ambayo hadithi ya mzee isingeweza kuifanya, na hadithi ya mzee ilifanya ambayo takwimu isingeweza. Ndiyo maana nataka vyote viwili viwe ndani ya chumba kimoja, siku moja, mbele ya watu wenye uwezo wa kubishana navyo.

Yapo mambo ambayo ubao hauwezi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba serikali ingeunga mkono mpango wa kuufanya Ruaha Mkuu utiririke mwaka mzima ifikapo 2010. Utafiti ulikuwapo, na ulisema tatizo kubwa ni mifereji ya kiangazi. Hata hivyo katika operesheni ya mwaka 2006 na 2007 walioondolewa Usangu ni wafugaji na ng'ombe wao, wengi wakielekezwa mikoa ya kusini na pwani, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika na kupita, na mto uliendelea kukauka. Mfugaji aliyeuliza ng'ombe wako wapi ana ndugu waliohama wakati huo, na swali lake, ukilisikiliza vizuri, halikuwa la mchezo. Maarifa yaliyozalishwa kwa pamoja darasani huweza kukutana barabarani na uamuzi uliokwisha kutoka, na uamuzi haulazimiki kupisha.

Tulichokubaliana sisi kilikuwa kidogo: kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi mvua za kwanza, mabanio matatu ya juu yafungwe usiku mara mbili kwa wiki, na daftari la zamu likae kwa katibu wa mfereji wa chini ili anayeumia ndiye aandike. Mwaka wa kwanza makubaliano hayo yalishikiliwa wiki tatu. Kisha bei ya mpunga wa mapema ikapanda, kila mtu akataka kulowesha majaruba yake wa kwanza, na daftari likawa na kurasa tupu. Mwaka wa pili yalishikiliwa wiki sita, na kwenye kurasa zilizoandikwa kuna majina ya wavunjaji, likiwamo la shemeji wa katibu mwenyewe, jambo lililonipa moyo kuliko takwimu yoyote. Kisima bado hakijachimbwa. Maombi yamewasilishwa mara mbili, na mara mbili tumejibiwa kwamba maji ya kunywa na maji ya umwagiliaji ni mafungu tofauti.

Ubao nao umebadilika. Vishimo vya ndoo viko kumi na moja, vimezungushiwa rangi nyekundu, na ng'ombe wana njia yao ya kushukia mtoni ambayo mfugaji aliichora kwa mkaa na fundi akaichonga. Mwaka huu kikao kimepangwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kabla vitalu havijaanza kumwagiwa maji, na fundi ameongeza kitu ambacho yule mzee wa kambale alikidai tangu mara ya kwanza nami nikawa nakiahirisha kwa kisingizio cha gharama: karai la mbao mwishoni mwa mto, chini ya mashamba yote, lenye kijiwe kilichogundishwa mdomoni. Gololi zimebaki mia moja themanini na tatu. Nyingine wanazo watoto wa katibu.